Nani Anashika Kamera Ngara na Biharamulo?

Warsha ya kuwafundisha wasichana upigaji picha, ikifanyika Ngara au Biharamulo, huhesabiwa na wengi kuwa shughuli ya pembeni: siku chache za kushika kamera, cheti, kisha picha ya pamoja mbele ya bango la mfadhili. Makala haya yanajenga hoja nyingine. Katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera, kumuuliza mtu nani anashika kamera ni kuuliza swali la historia, tena historia ambayo mashahidi wake wengi bado wako hai.

Tuanze na mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, umati wa watu kutoka Rwanda ulivuka daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, ukaingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikadiria kuwa watu wapatao 250,000 walivuka ndani ya saa 24 hivi, likasema halijapata kushuhudia mmiminiko mkubwa na wa kasi kiasi hicho. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia vita, na walikuwamo pia walioshiriki mauaji ya kimbari. Kambi ya Benaco ikasimama katika muda wa siku chache, ikiwa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati ule. Zikafuata kambi nyingine, na wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya nzima kwa idadi.

Pamoja na wakimbizi zilikuja kamera. Waandishi wa habari wa mashirika makubwa ya dunia walifika. Mpigapicha wa Brazil, Sebastião Salgado, aliyefariki Mei 2025, alipiga picha Benaco mwaka huohuo, na kazi yake hiyo imo katika mradi mkubwa kuhusu uhamaji wa wanadamu aliouchapisha kuwa kitabu mwaka 2000. Yeyote aliyewahi kuziona picha za kipindi kile atakumbuka mambo yaleyale: moshi wa asubuhi, maturubai yaliyotanda vilimani, foleni za maji, mama aliyembeba mtoto. Ni picha zilizochochea huruma na misaada, na si haki kuzibeza.

Hata hivyo, mwaka 1996 mwanaanthropolojia Liisa Malkki, ambaye awali alikuwa amefanya utafiti miongoni mwa wakimbizi wa Burundi magharibi mwa Tanzania, aliandika makala yenye hoja nzito. Alionyesha kuwa taswira za aina hii humgeuza mkimbizi kuwa mwili usio na sauti. Tunauona umati, hatumjui mtu. Tunayaona mateso, hatuelezwi siasa wala historia iliyoyazaa. Mwanamke aliyemo pichani hana jina, na maneno yaliyo chini ya picha huandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuzungumza naye.

Hoja ya Malkki inahusu wakimbizi. Mimi nataka kuisogeza hatua moja mbele. Ikiwa mkimbizi alionekana bila kusikika, mwenyeji hakusikika wala hakuonekana. Kuni zilizopikia chakula cha mamia ya maelfu ya watu zilitoka katika misitu ya nani? Misitu ilipokatwa, ni nani aliyelazimika kutembea mbali zaidi kutafuta kuni na maji? Wanaume walipokwenda kutafuta vibarua kwenye kambi na mashirika, ni nani aliyebaki na jembe shambani? Bei ya ndizi ilipopanda na ile ya mahindi ya msaada ilipoanguka, ni nani aliyepanga upya hesabu za jikoni? Na huko Biharamulo, malori ya misaada yalipokuwa yakipita kwenye barabara iliyohitaji kusindikizwa na polisi wenye silaha, ni nani aliyewapikia madereva pale Lusahunga? Majibu mengi ya maswali haya ni wanawake. Watafiti wachache wameyaandika baadhi ya mambo hayo, lakini picha zilizoiwakilisha Ngara mbele ya dunia hazikuyagusa.

Ukimya huo una mizizi mirefu. Biharamulo bado lipo boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Utawala uliojenga maboma ya namna ile ndio pia ulioleta kamera bara, mikononi mwa maofisa, wapelelezi na wamisionari. Walipiga picha za machifu, za ng'ombe, za vilima na za wanawake. Chifu mara nyingi aliandikwa jina lake. Mwanamke aliandikwa kabila lake tu, kana kwamba yeye ni mfano wa kitu fulani. Picha zenyewe zikasafirishwa kwenda Ulaya, na nyingi ziko huko hadi leo katika makumbusho na maktaba. Hivyo mjukuu anayetaka kuuona uso wa bibi yake wa zamani analazimika kuutafuta Ujerumani, tena bila kujua autafute kwa jina gani.

Kwa msingi huu, warsha kwa ajili ya wasichana inapata uzito wake. Jambo lenyewe limekwisha kujaribiwa kwingine. Miaka ya 1990 huko Yunnan, China, watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake 62 wa vijijini, wakawaacha wapige picha za maisha yao kwa mwaka mzima, kisha wakakaa nao kuzijadili. Picha zilifikishwa kwa viongozi, na mambo ambayo wanawake wale waliyaona kuwa mazito, kama vile malezi ya watoto wakati mama yuko shambani, yakaingia katika mijadala ya sera. Jirani kabisa na Ngara, nchini Rwanda, mwaka 2000 Mmarekani David Jiranek aliwapa watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi, karibu na Gisenyi, kamera za kutumia mara moja. Nchi ambayo dunia ilikuwa imeizoea kwa picha za maiti ikaonekana kupitia macho ya watoto wake: michezo, marafiki, nyuso zinazocheka.

Lakini kamera peke yake haitoshi. Msichana wa Ngara anaweza kufundishwa vizuri kabisa namna ya kupima mwanga na kupanga fremu, halafu akaishia kupiga picha zilezile za mtoto aliyechafuka na bibi mwenye mikunjo, kwa sababu ndizo alizoona zikisifiwa. Akifanya hivyo, jicho la mgeni limehamia tu katika mkono wa mwenyeji.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila picha iandikwe maelezo kamili: jina la aliyepigwa akiridhia, mahali, tarehe, na neno lake mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kihangaza na Kishubi pale lugha hizo zinapolibeba jambo vizuri zaidi. Pili, ridhaa ifundishwe kuwa sehemu ya ufundi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini adabu ya kumwomba mtu kabla ya kumpiga picha ni ya zamani kuliko sheria yoyote. Tatu, nakala zibaki wilayani, shuleni au katika ofisi ya utamaduni, na hakimiliki ibaki kwa msichana aliyepiga. Picha zikiondoka zote pamoja na ripoti ya mradi, tutakuwa tumeirudia safari ya picha za wakoloni, safari hii kwa barua pepe.

Kazi ya kwanza ya wasichana hao inajulikana, nayo haisubiri. Serikali ilitangaza kuwa Wanyarwanda warejee kwao kabla ya tarehe 31 Desemba 1996, na barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii watu wakielekea upande wa pili. Mwanamke wa Ngara aliyekuwa na miaka 25 siku ile ya Aprili 1994 sasa amevuka miaka 55. Aliyekuwa na miaka 50 yuko katika miaka ya 80, kama bado yu hai. Wanakumbuka mahali msitu ulipoanzia, kisima kilichokauka, jirani mgeni aliyegeuka rafiki, na usiku ambao hawakulala kwa hofu. Kilima cha Benaco kinaweza kupigwa picha hata mwaka ujao. Bibi anayeweza kusimama juu yake na kuonyesha kwa kidole kilichokuwa wapi, hatuna hakika ya kuwa naye mwaka ujao.