Ukuta Ulioanzia Montreal

Usiku wa tarehe 6 Julai 1977, Uwanja wa Olimpiki wa Montreal, Kanada, ulifurika vijana waliokuja kulisikiliza kundi la Pink Floyd. Lilikuwa onyesho la mwisho la ziara ndefu. Fataki zililipuka hovyo na kelele zikazimeza nyimbo. Shabiki mmoja alipokaribia jukwaa kwa hamu, Roger Waters, mpiga besi na mtunzi mkuu wa kundi hilo, akamtemea mate usoni.

Waters alijionea haya. Ndipo lilipomjia wazo la kujenga ukuta wa kweli jukwaani, kati ya bendi na watu, ili umbali aliouhisi moyoni uonekane kwa macho.

Umbali huo ulikuwa na mizizi ya zamani. Waters alikuwa na miezi mitano tu baba yake alipouawa vitani Anzio, Italia, Februari 1944. Baadhi ya watu wa rika lake Uingereza walilelewa na wajane, wakasomeshwa na walimu wa kiboko na kejeli. Hayo yote aliyatia katika albamu ya The Wall, iliyotoka Novemba 1979. Mhusika wake, Pink, ni mwanamuziki anayegeuza kila jeraha kuwa tofali, mpaka siku moja anajikuta amejifungia ndani peke yake. Katika maonyesho ya 1980 na 1981, mafundi walipanga matofali ya kadibodi huku muziki ukiendelea, ukuta ukapanda kufikia mita 12 hivi, na wanamuziki wakatoweka nyuma yake. Mwishoni uliangushwa wote.

Lakini sauti iliyoubeba mradi huu mpaka mbali haikuwa ya Waters. Ilikuwa ya wanafunzi 23 wa shule ya Islington Green, London, waliopelekwa na mwalimu wao wa muziki, Alun Renshaw, hadi studio ya jirani. Sauti zao zilirekodiwa tabaka juu ya tabaka, zikasikika kama shule nzima. Wimbo waliouimba kwa ajili ya albamu hiyo, Another Brick in the Wall, ukashika namba moja Uingereza wakati wa Krismasi 1979.

Miezi michache baadaye ulikuwa midomoni mwa watoto wengine kabisa. Aprili 1980, wanafunzi wa shule za Machotara mjini Cape Town waligoma kupinga elimu duni waliyopewa kwa sababu ya rangi yao, na mgomo ukaenea Afrika Kusini. Wimbo uliotoka katika hadithi ya upweke wa mtu mmoja, wao waliuimba kwa umati. Mei mwaka huohuo serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Amri hiyo iliweza kuziondoa santuri madukani na kuufuta wimbo redioni. Vijana wenyewe walikuwa wameshaukariri.