Kipimo cha Uchujukaji wa Majivu ya Makaa ya Mawe
Jaribio la maabara la kukadiria ni kiasi gani cha aseniki, seleni, boroni na metali nzito kinaweza kutoka kwenye majivu hadi maji ya chini ya ardhi. Katika mbinu ya Marekani iitwayo TCLP, majivu hutiwa chupani pamoja na asidi ya siki iliyozimuliwa, yenye uzito mara 20 ya majivu. Chupa hupinduliwa mara 30 kwa dakika kwa takriban saa 18, kisha maji huchujwa na kupimwa. Kasoro yake si ndogo: huigiza jaa la taka za mjini, ilhali bwawa la majivu halina siki, na aseniki huweza kuyeyuka zaidi penye alkali. Ndiyo maana kuna mbinu nyingine za maabara, ziitwazo LEAF, ambazo hujaribu majivu yaleyale kuanzia pH 2 hadi 13.