Parokia Kama Mali: Makasisi wa Uingereza Zama za Jane Austen

Mwanzoni mwa karne ya 19, parokia ya Kanisa la Anglikana nchini Uingereza ilikuwa pia mali yenye mwenyewe. Haki ya kumteua kasisi mara nyingi ilishikwa na tajiri mwenye ardhi, naye aliweza kuirithisha au hata kuiuza. Kasisi akishathibitishwa na askofu, kwa kawaida alikaa mpaka kufa. Alipata nyumba, shamba la kanisa, na fungu la kumi la mazao ya waumini: ngano, manyoya ya kondoo, maziwa, mayai.

Jane Austen, aliyezaliwa mwaka 1775, aliyajua hayo tangu utotoni. Baba yake, George Austen, alipewa parokia ya Steventon, katika Hampshire, na Thomas Knight, jamaa yake tajiri. Mwaka 1773 akaongezewa Deane, parokia ya jirani. Hata hivyo alikuwa na watoto wanane, na mapato hayakutosha. Ikabidi alime, na afundishe wavulana waliolala nyumbani mwake. Mwaka 1801 alihamia Bath, akamwachia mwanawe James kazi ya parokia. Alipofariki mwaka 1805, mapato ya kanisa yalikatika, na mjane wake na mabinti wawili wakabaki kuwategemea wana wa kiume. Huo ndio udhaifu mkubwa wa utaratibu ule: ulimlinda kasisi, si wale aliowaacha.

Riwaya za Austen haziwezi kueleweka vizuri bila kuujua utaratibu huu. Katika Sense and Sensibility (1811), Edward Ferrars hana namna ya kuoa mpaka Colonel Brandon ampe parokia ya Delaford, yenye mapato ya pauni 200 hivi kwa mwaka. Katika Mansfield Park (1814), madeni ya Tom yanamlazimu baba yake kumpa mtu mwingine parokia aliyokusudiwa mdogo wake, Edmund.

Waliokosa mfadhili waliishia kuwa makasisi wasaidizi. Ndio waliobatiza, kuzika na kuhubiri pale ambapo kasisi mwenye parokia aliishi mbali, na malipo yao yalikuwa duni mno kwa kazi hiyo. Sheria ya mwaka 1813 iliwawekea viwango vya malipo. Ile ya 1836 ikageuza fungu la kumi la mazao kuwa malipo ya fedha, na ya 1838 ikabana desturi ya kasisi mmoja kushika parokia kadhaa.