MBIO ZA KUZUNGUKA MONT BLANC: WALIANZA ZAIDI YA 700, WAKAMALIZA 67

Wadau, kila mwaka mwishoni mwa mwezi wa nane simu zetu zinajaa zile video za watu wenye tochi kichwani wanashuka mlima usiku, matope mpaka magotini, halafu wanavuka mstari wanalia kama watoto. Tunagonga laiki, tunapita. Mimi mwaka huu nikasema hapana, ngoja nijue hawa watu ni kina nani na wanajiandaaje mpaka mwili unakubali mateso yale. Nikajikuta nimezama kwenye historia usiku kucha.

Mbio zenyewe zinaitwa UTMB. Zinaanzia Chamonix, Ufaransa, zinauzunguka mlima Mont Blanc kupitia Italia na Uswisi, halafu zinarudi Chamonix. Ni kama kilomita 170, yaani unatoka Dar kwa miguu na Morogoro unakaribia kuiona. Ila umbali sio tatizo kubwa. Tatizo ni kupanda. Ukijumlisha vilima vyote unapanda kama mita 10,000. Kutoka geti la Marangu mpaka kilele cha Uhuru ni kama mita 4,000, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: Kilimanjaro mara mbili na nusu, na kila ulichopanda unakishuka. Muda wa mwisho ni saa 46 na nusu. Mnaanza Ijumaa jioni, na Jumapili jioni kama hujafika, imekula kwako.

Sasa turudi 2003, mara ya kwanza kabisa. Walijitokeza zaidi ya watu 700, wengi wakiwa wazoefu wa milima au wa marathon. Mvua ikanyesha, upepo, baridi ya kufa mtu. Waliomaliza mzunguko mzima walikuwa 67 tu! Wengine wengi waliishia Courmayeur, upande wa Italia, wakavua viatu wakasema yatosha. Aliyeshinda alikuwa Dawa Sherpa, mtu wa Nepal aliyekuwa anaishi Uswisi, kwa saa 20 na dakika chache. Kwa wanawake akashinda Mmarekani Krissy Moehl, saa 29 na ushee. Huyo Dawa baadaye aliiwakilisha Nepal kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, mbio za kuteleza kwenye theluji. Mtu wa namna hiyo, baridi na mlima havimshangazi.

Hapo ndio watu walipoanza kuelewa kwamba mapafu peke yake hayatoshi.

Ukitaka kuanza mbio hizi lazima ubebe begi lenye vitu vya lazima, na unakaguliwa. Koti la mvua la kweli, sio lile la kuuzia sura. Tochi ya kichwani. Filimbi. Lile blanketi la dharura linalong'aa kama foili ya kufungia chipsi. Simu yenye chaji. Uwezo wa kubeba maji angalau lita 1. Kikombe chako mwenyewe. Unaweza kucheka filimbi, ila ukivunjika mguu saa nane usiku kwenye ukungu sauti yako haifiki popote, filimbi inafika.

Na mlima huwa hautanii. 2010 mbio zilisimamishwa usiku uleule zilipoanza sababu ya hali ya hewa, watu wametoka kwenye mabara mengine na visa na nauli, wakarudishwa. 2012 njia ikafupishwa ikabaki kama kilomita 100, upande wa Ufaransa tu. Na 2021, kwenye mbio ndogo za wiki hiyohiyo ziitwazo TDS, mkimbiaji mmoja kutoka Czech alianguka kwenye mteremko mkali usiku akafariki. Waliokuwa nyuma yake wakarudishwa. Hii sehemu nilisoma mara mbili nikaweka simu chini. Alikuwa mtu mzoefu kama wengine tu, alikuwa na begi kama wengine tu.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuna njia moja ya kujiandaa. Mwaka 2007 aliyeshinda ni Marco Olmo, Muitaliano wa miaka 58, mzee ambaye maisha yake yalikuwa ya kazi ngumu, na alikuwa ameshinda pia 2006. Mwaka uliofuata, 2008, akaja dogo wa miaka 20 anaitwa Kilian Jornet, akashinda. Kutoka 58 mpaka 20! Dogo alikulia kwenye kibanda cha wapanda milima kule Catalonia, baba yake ndiye alikuwa mtunzaji, mlangoni tu ni mlima. Ukimuuliza alianza maandalizi lini, jibu la kweli ni alipoanza kutembea. Huyuhuyu 2010 alikuja kwetu, akapanda Kilimanjaro kwa saa 5 na dakika 23. Na kabla yake, 2006, Mtanzania mwenzetu Simon Mtuy alipanda na kushuka bila kusaidiwa na mtu kwa saa 9 na ushee. Wangapi mlikuwa mnajua hilo? Mimi sikuwa najua, na nimekulia Moshi.

Halafu kuna Jim Walmsley, Mmarekani mwenye spidi ya ajabu. Alikwenda Mont Blanc mara kadhaa akashindwa kushinda, mara mbili hakumaliza kabisa. Kwao alikuwa mfalme, Alps zikamfundisha adabu. Akafanya nini? 2022 akahama na mke wake wakaenda kuishi kijijini kwenye milima hiyohiyo Ufaransa, akawa anaishi na mteremko asubuhi na jioni. 2023 akashinda kwa saa 19 na dakika 37, Mmarekani wa kwanza mwanaume kushinda.

Mteremko ndio siri. Wengi tunadhani kupanda ndiko kunaua, kumbe kushuka. Unaposhuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki, na inachanika kidogo kidogo kila hatua. Mimi niliwahi kukimbia nusu marathon bila mazoezi ya kushuka, kilomita ya 15 kuna kamteremko, nikakashuka kwa mbwembwe nikiwapungia watu. Kesho yake nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume. Sasa fikiria saa 40 za hivyo. Ndio maana wanaojiandaa vizuri wanatafuta miteremko kwa miezi, mpaka mapaja yazoee kipigo.

Cha pili ni tumbo. Wanafanya mazoezi ya kula huku wanakimbia, kwa sababu ikifika usiku wa pili tumbo linakataa kila kitu, na usipokula miguu inazima. Cha tatu ni usingizi. Courtney Dauwalter, aliyewahi kuwa mwalimu wa sayansi, ameshinda 2019, 2021 na 2023, na amesimulia jinsi kwenye mbio ndefu macho yalivyomuonyesha vitu ambavyo havipo. Yeye anaishi Leadville, Colorado, juu zaidi ya mita 3,000, na hana kocha. Anajisikiliza tu. Na anakimbia na kaptula pana kama anaenda kucheza basketi, sio zile za kubana.

Kwa upande wetu, Wakenya wanatisha kwenye mbio fupi za milima hukohuko Ulaya, lakini kwenye hii ndefu bado hajashinda Mwafrika Mashariki. Sio suala la miguu. Kuingia tu unatakiwa ukusanye "mawe" kwa kukimbia mbio nyingine za mfululizo huo, halafu uingie kwenye bahati nasibu. Mojawapo iko George, Afrika Kusini. Bado viatu, fimbo, visa. Pesa tu.

2024 alishinda Vincent Bouillard, Mfaransa ambaye wengi walikuwa hawamjui. Injinia wa kampuni ya viatu, anafanya mazoezi akitoka kazini. Saa 19 na dakika 54. Watangazaji walikuwa wanahangaika kutafuta maelezo yake wakati anaongoza.