Kilti na Tatani za Koo za Uskoti

Kilti ni vazi la kiume la Uskoti: nguo nzito ya sufi inayozungushwa kiunoni, mbele bapa, nyuma marinda, ikaishia magotini. Anayeivaa kwa heshima ya wazee wake huchagua tatani, yaani mpangilio wa miraba na milia ya rangi uliopewa jina la ukoo wake. Campbell wana yao, MacDonald wana yao, Stewart wana zaidi ya moja. Kilti rasmi iliyoshonwa kwa mkono hula yadi 8 za kitambaa. Katika njia ya misafara ya Tabora ya karne ya 19, ambako shuka ilikuwa yadi 2 na doti yadi 4, nguo hiyo ingehesabiwa kuwa doti mbili na kuingizwa pamoja na nyingine kwenye hongo, yaani ushuru wa njia, ya mtemi.

Tabora inatajwa hapa kwa sababu. Tatani za koo na biashara ya nguo ya Unyanyembe, nchi ya mtemi iliyozunguka Tabora, ni za rika moja. Zote mbili zilikuzwa na wafanyabiashara na viwanda katika miongo ileile, na zote mbili baadaye zikachukuliwa kuwa ni mambo ya kale.

Mfumaji wa tatani hufanya kazi ya hesabu. Nyuzi za mtande hupangwa kwa rangi na idadi maalumu, tuseme nyekundu kadhaa, kijani kadhaa, nyeupe mbili. Kisha mshindio hufuata mpangilio uleule. Pale rangi mbili zinapokatana huonekana rangi ya tatu, mchanganyiko wa zote. Ukiongeza au kupunguza mstari, umepata tatani nyingine na pengine ukoo mwingine. Mshonaji naye ana mtihani wake: lazima akunje marinda ili miraba iungane nyuma kana kwamba kitambaa hakijakunjwa, ingawa ndani ya kila rinda kimefichwa kipande kizima cha mchoro. Kwa vikosi vya jeshi marinda hukunjwa kufuata mstari mmoja, ili gwaride likipita ionekane milia iliyonyooka. Mbele hutundikwa mkoba wa ngozi, kwa kuwa kilti haina mifuko, na kisu kidogo huchomekwa kwenye soksi.

Zamani Waskoti wa nyanda za juu walijifunga nguo moja kubwa, mchana vazi na usiku blanketi. Kilti fupi kwa kawaida huhusishwa na Thomas Rawlinson, Mwingereza mwenye tanuri la chuma, aliyetaka vibarua wake wavae kitu chepesi zaidi katika robo ya pili ya karne ya 18. Habari hiyo huwaudhi Waskoti wengi, na wapo wanaoipinga. Lisilo na ubishi ni kilichofuata. Tarehe 16 Aprili 1746 wafuasi wa wafalme wa ukoo wa Stuart walishindwa vibaya huko Culloden, na sheria ikapiga marufuku mavazi ya nyanda za juu kuanzia Agosti 1747. Mwanamume aliyekamatwa nayo alifungwa miezi sita. Akirudia alipelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka saba. Askari wa vikosi vya serikali peke yao ndio waliosamehewa. Marufuku hayo yalidumu hadi 1782.

Vazi lililorudi halikuwa lilelile. Mwaka 1815 chama cha Highland Society cha London kiliwaomba wakuu wa koo wapeleke sampuli za tatani zao, na baadhi yao hawakujua ni ipi. Kiwanda cha Wilson huko Bannockburn kilikuwa na majibu. Daftari lake la 1819 lilijaa michoro, na mingine iliyokuwa ikiitwa kwa namba au kwa majina ya miji ilianza kuuzwa kwa majina ya koo. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe, na kila mwenye jina akatakiwa awe na tatani. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita wajukuu wa Stuart walichapisha kitabu cha tatani walichodai kimetokana na hati ya kale. Leo wataalamu wanakiona kuwa cha kughushi, lakini tatani kadhaa zilizomo bado zinavaliwa kwa fahari. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper aliyaanika hayo mwaka 1983 katika kitabu kuhusu mila zilizobuniwa. Mmoja wa wahariri wa kitabu hicho, Terence Ranger, aliyewahi kufundisha historia Dar es Salaam, aliandika humo sura kuhusu mila zilizoundwa Afrika wakati wa ukoloni.

Sasa Unyanyembe. Ni katika nusu hiyohiyo ya kwanza ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu kutoka pwani walipoanza kuweka makazi katika nchi ya Wanyamwezi, na hatimaye Kazeh (sasa Tabora) na Kwihara iliyo karibu, wakitegemea wapagazi wa Kinyamwezi ambao tayari walikuwa wakiijua njia ya kwenda baharini. Fedha ya njia hiyo ilikuwa nguo, pamoja na shanga na nyaya za shaba. Merikani, pamba isiyopaushwa, ilitoka viwanda vya Massachusetts. Kaniki ilitoka India. Nguo za rangi zilitoka Maskati, na miongoni mwao debwani ndiyo iliyokaribia tatani kwa sura: miraba midogo ya buluu na nyeupe, na ukingoni mstari mpana mwekundu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliorodhesha aina hizi moja moja. Merikani ilinunua chakula cha njiani. Debwani na nyenzake zilikuwa nguo za watemi na wakubwa.

Debwani haikutaja ukoo wa mvaaji. Ilitaja cheo chake na jinsi alivyosikilizana na watu wa pwani. Heshima kwa wazee waliotangulia ilikuwa na vifaa vyake, kama kibangwa, duara jeupe lililochongwa kutoka kwenye kombe la konokono wa bahari, lililokuwa pambo la watemi. Lakini hata hapo biashara ilipenya. Kaniki, nguo ya kununuliwa iliyokuja kwa jahazi, ikawa nguo ya matambiko, na leo mtu akiiona imefungwa kwenye shughuli ya mizimu hafikirii kabisa soko la Gujarati.

Mskoti wa kwanza kufahamika sana Kazeh ni James Augustus Grant wa Nairn, aliyefika na msafiri mwenzake Speke mwanzoni mwa 1861. Anayekumbukwa ni mmisionari David Livingstone. Babu yake alihama kutoka kisiwa cha Ulva kwenda Blantyre kutafuta kazi ya kiwanda, na baba wa babu huyo aliuawa Culloden akiwapigania akina Stuart. Livingstone mwenyewe aliingia kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10, akiunganisha nyuzi zilizokatika, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa nasaba alistahili tatani. Hata hivyo, mwandishi wa habari Stanley alipomkuta Ujiji mwishoni mwa 1871, alikuwa amevaa kofia ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliochujuka, kizibao chekundu cha mikono na suruali ya kijivu ya twidi. Kitu pekee cha Kiskoti hapo kilikuwa twidi ya suruali hiyo.

Wawili hao waliwasili Kwihara Februari 1872. Stanley aliondoka Machi. Livingstone akabaki kwenye tembe hadi Agosti, akiwangojea wapagazi, huku utajiri wake wote ukiwa ni majora ya nguo. Alifariki mwaka uliofuata kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili, wakauvisha pamba, wakauweka ndani ya gome la mti na kuufunga kwa turubai. Waliufikisha Kwihara Oktoba 1873.

Tatizo kubwa lilikuja mashariki ya hapo, Kasekera, ambako wenyeji walikataa maiti isipite nchini mwao. Wapagazi wakatunga hila. Walitengeneza mzigo wa bandia kwa mabua ya mtama, wakawatuma watu kuurudisha Unyanyembe kwa maziko, na watu hao wakautawanya msituni. Mwili wenyewe ulitolewa kwenye gome na kufungwa upya, ukafanana na mzigo wowote wa nguo. Ndivyo mtoto wa kiwanda cha pamba alivyopita, akahesabiwa miongoni mwa merikani na kaniki. Uingereza alitambuliwa kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba miaka mingi kabla, na akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Kilti yenyewe iliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa jeshi na ngoma. Mombasa, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, vyama vya ngoma ya beni vilishindana kwa sare, vyeo na tarumbeta. Kimoja kilijiita Kingi. Mpinzani wake, Scotchi, aliwavalisha wachezaji wake kilti kwa kuiga vikosi vya Uskoti. Hakuna babu wa Kiskoti aliyekuwa akienziwa pale. Lililotakiwa ni kumfunika Kingi. Beni za Marini na Arinoti zilifuata askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia hadi Tabora na Ujiji. Miaka ya 1970 Idi Amin wa Uganda, aliyelelewa kijeshi katika King's African Rifles, alikuwa na wapiga zumari za mfuko waliovaa kilti, na kwa majigambo yake alijitangaza mfalme wa Uskoti.

Siku hizi tatani huandikishwa katika daftari rasmi la serikali huko Edinburgh, lililoanza 2009, na mashirika, miji na hata timu za mpira zina zao. Hakuna sheria inayomzuia mtu kuvaa ya ukoo usio wake. Kuna macho ya watu tu. Asiye na ya baba huvaa ya ukoo wa mama, au huchukua Black Watch, ya buluu na kijani iliyokoza, ambayo ilianzia jeshini. Swali la upande gani mtoto ahesabiwe Wanyamwezi walilijibu kwa njia nyingine: mahari ikilipwa, mtoto ni wa ukoo wa baba, isipolipwa, ni wa wajomba zake.