Vihisi vya injini ya jenereta

Vihisi vya injini ya jenereta ni vifaa vidogo vinavyopima hali ya injini na kuijulisha paneli ya udhibiti, ambayo huizima kabla haijaharibika. Muhimu kuliko vyote ni cha presha ya oili: presha ikishuka, beringi huungua upesi. Cha joto la maji hupungua ukinzani kadiri joto linavyopanda. Kingine, chenye sumaku, huhesabu meno ya flaiwili ili kupima kasi; jenereta ya ncha nne huhitaji mizunguko 1,500 kwa dakika kutoa hezi 50 zinazotumika Tanzania. Dodoma, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na vumbi la kiangazi huziba kichujio cha hewa, hivyo injini huhitaji vihisi hivi zaidi. Fundi anayekata waya wa kihisi ili king'ora kinyamaze huiacha injini bila mlinzi.