Uhindini wa Dar es Salaam

Miji mingi mikubwa iliyo kando ya bahari ina mtaa uitwao kwa jina la wageni. Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuwachukua wasikilizaji wa Kibara mpaka mtaa mmoja wa namna hiyo katika mji wetu wenyewe, maana sisi tulimao pamba na kuvua samaki katika Ghuba ya Speke huenda Dar es Salaam kwa biashara, kwa tiba au kwa mashauri, nasi hupita Uhindini tukitazama bidhaa tu, tusiulize habari za nyumba.

Tuanzie Barabara ya Samora, iliyoitwa Acacia Avenue zama za Waingereza, kisha tuingie ndani kwa Mtaa wa Jamhuri na Mtaa wa Indira Gandhi hata Kisutu. Hapo twaona nyumba za kale: chini duka, juu makao ya jamaa, na roshani zinazotazama njia. Nyingine zimechorwa ukutani mwaka zilipojengwa na jina la aliyezijenga. Mahekalu ya Wahindu, misikiti na Jamatkhana ya Waismailia zi karibu karibu, kwa kuwa watu tuwaitao Wahindi kwa jina moja ni wa dini na kabila nyingi.

Asili ya mji huu ni Sultani Majid bin Said wa Unguja, aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukadorora hata Wadachi walipokuja, wakaufanya makao ya serikali yao mwaka 1891. Biashara ikakua, na Wahindi wakazidi kuja, wengine kutoka Unguja na wengine kutoka Bara Hindi.

Serikali ya Waingereza ikaugawa mji sehemu tatu: Uzunguni ufuoni upande wa mashariki, Uhindini katikati, na Kariakoo na Ilala kwa Waafrika. Kanuni zao za kujenga zilitaja namna ya nyumba, si rangi ya mtu. Walakini mwenye mali kidogo hakuweza kujenga nyumba iliyotakiwa, kwa hiyo kanuni ya matofali ikawa kanuni ya watu. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja. Uwanja ule haukuachwa kwa ajili ya michezo tu; ulikuwa mpaka.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mji wa San Francisco, katika Marekani, una mtaa wa Wachina tangu miaka ya 1850. Mwaka 1882 ilitungwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchi ile. Tarehe 18 Aprili 1906 nchi ilitetemeka, na moto uliofuata ukauteketeza mtaa wao. Wakubwa wa mji wakataka kuwahamishia pembeni, maana kiwanja kile kilikuwa cha thamani. Wachina wakakataa, wakajenga tena pale pale, wakapamba nyumba kwa mapaa ya kupinda, hata watu wakawa wakija kutoka mbali kuutazama mtaa ule. Sheria ile ilifutwa mwaka 1943.

Uhindini haukuteketea kwa moto, lakini nao ulipata mtikisiko. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nia ilikuwa kuondoa unyonyaji wa wenye nyumba. Lakini kwa kuwa mengi yalikuwa ya Wahindi, wengi wao walihama nchi. Siku hizi majumba ya kale yabomolewa, maghorofa marefu yasimama mahali pake.

Ng'ambo ya uwanja, Kariakoo, wamekuja wageni wengine, na Wachina wamo. Mwaka 2011 Serikali iliwataka wageni waache uchuuzi sokoni, na Julai 2025 ikawakataza wasio raia kufanya biashara za namna 15. Ni haki ya nchi kumlinda mchuuzi wake. Lakini yafaa tupambanue: sheria husema juu ya asiye raia, nao wengi wa Uhindini ni raia, waliozaliwa hapa kama baba zao na babu zao. Tukimhesabu mtu kuwa mgeni kwa kutazama sura yake, twarudi kuupima ule mpaka wa zamani.

Nao mpaka ule ulikwisha kuvukwa. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba iliyo ukingoni mwa Mnazi Mmoja, chama cha TANU kilizaliwa, na rais wake akawa Julius Nyerere, mtu wa Butiama, jirani yetu. Leo uwanja ule una mnara wa Mwenge wa Uhuru. Basi mtu wa Kibara aendapo Dar es Salaam, na atembee kwa miguu toka Samora hata Kariakoo, asome miaka iliyoandikwa kutani kabla haijabomolewa; naye akiuvuka uwanja, akumbuke kwamba hapo zamani uliwekwa ili watu wasichangamane.